Madoa Meusi Kwenye Meza ya Mwaloni

Shukrani zote ni za Bwana, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu nikiwa mzima, na mzee wangu wa kazi ni mzima, na kwa mwaka tulioupitia hilo si jambo dogo. Watu wengi wa pwani hii na bara yake wamezikwa. Sisi tunapumua. Asifiwe Mungu!

Jina langu ni Elia, mtoto wa mkulima wa Milola. Nilisoma shule ya misheni miaka sita, nikajifunza kusoma, hesabu na useremala, nikahitimu, nikapewa cheti. Nilidhani cheti kitanipa amani. Hakikunipa! Nilikuwa mtu wa wasiwasi tangu utoto, na elimu ilinipa maneno mengi zaidi ya kuwa na wasiwasi nayo. Nikifunga mlango, nilirudi kuutazama. Nikimwamkia mkubwa, nilitembea njia nzima nikijiuliza kama shikamoo yangu ilisikika au ilionekana ya kiburi. Nikisali, nilirudia sala ile ile kwa hofu kwamba mara ya kwanza sikuisema vizuri. Ndugu zangu, nilimwamini Mungu kwa mdomo, lakini mambo yote niliyashika mwenyewe mikononi.

Nilipata kazi Lindi mjini kwa Mzee Selemani, seremala wa milango na vitanda. Mzee ni Mwislamu, mtu wa msikitini, na mkewe ni Bi. Mwanahawa. Walinipokea kama mtoto wao. Sikuulizwa dini yangu ila siku ya kwanza, ili Bi. Mwanahawa ajue kama nitakula naye futari au nitakula mchana.

Basi, akaja Mjerumani mmoja mwenye shamba la pamba, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Watu walimwita Bwana Ndevu. Alikuwa ameletewa kwa meli mbao za mwaloni kutoka kwao Ulaya, mbao nzito za rangi ya asali, akataka meza ya kulia watu ishirini, kama ile aliyoiacha nyumbani kwa baba yake. Hakutaka msumari hata mmoja. Kila kiungo kiwe cha ulimi na tundu, kikazwe kwa kijiti cha mti. Kazi hiyo Mzee Selemani aliijua, maana hata milango ya zamani imeungwa hivyo.

Taabu ilikuwa banda letu. Lilikuwa dogo! Meza ilipoanza kusimama ilijaza chumba chote, ikabaki njia ya kupita mtu mmoja ubavuubavu, tumbo limerudishwa ndani. Patasi tuliziweka juu ya meza, maji ya kunywa juu ya meza, na Mzee alikuwa akisema, "Elia, sasa mwenye nyumba ni huyu. Sisi wapangaji. Tumsalimie tukiingia."

Mimi sikuweza kucheka. Nilipima kila mguu mara tatu, halafu nikaanza tena. Mzee alinitazama siku moja akaweka randa chini.

"Mwalimu," akaniambia, maana ndivyo alivyonitania kwa sababu ya cheti, "huo mguu ulikuwa na urefu gani jana?"

"Ule ule, mzee."

"Na juzi?"

"Ule ule."

"Alhamdulillahi. Basi mwache apumzike, atadhani unamshonea suruali."

Mzee alikuwa na sharti moja tu katika banda lile. Chuma kinanolewa uani. Tupa haifanyi kazi karibu na ubao. Hakueleza sababu, nami sikuuliza, maana karatasi zangu za shule hazikulitaja jambo hilo, na moyoni nililiona kama mazoea ya wazee.

Wakati huo vita ilikuwa imeshaanza. Mlioishi bara mnayajua kuliko mimi. Habari zilishuka kutoka Umatumbi, zikafika Umwera, kwamba watu wananyweshwa na kunyunyiziwa maji ya dawa, na kwamba mtu akiwa na maji hayo, risasi za Wajerumani hazimpati. Pwani kila mtu akamwogopa mwenzake. Mtu wa bara akionekana na kibuyu tu, alishikwa. Na mimi ni Mmwera wa Milola! Nilipokuwa nikichota maji kisimani nilihakikisha watu wote wanaona kwamba nayapeleka nyumbani.

Siku ya Ijumaa, kabla ya kuipeleka meza, Mzee alikwenda msikitini. Aliniacha nilainishe uso wa meza kwa mara ya mwisho. Nilikuwa na kibapa cha chuma cha kukwangulia, kile ambacho makali yake huisha upesi na kunolewa tena kwa tupa. Mara ya kwanza nilitoka uani kunoa. Mara ya pili nilitoka. Kisha nikaanza kufikiri: Je, nikitoka, mbuzi akiingia? Je, mtu akipita akaweka mkono wenye mafuta? Je, Mzee akirudi akanikuta nimeiacha peke yake? Nikafikiri hivyo mpaka nikaona dhambi kuiacha meza hata hatua kumi. Nikanolea pale pale, juu yake. Nilinoa mara nyingi mno, maana sikuridhika na makali. Unga wa chuma ukaanguka ubaoni. Nikaupangusa kwa brashi, nikapangusa tena, nikainama kutazama kwa jicho moja. Palikuwa safi. Lakini mwaloni, ndugu zangu, una vitundu vidogo kama ngozi ya mtu, na ulikuwa umeshaumeza ule unga.

Mzee aliporudi alisimama mlangoni kidogo, akavuta pumzi puani, akasema, "Umefanya kazi." Basi.

Jumamosi wapagazi waliibeba vipande vipande hadi shambani kwa Bwana Ndevu, tukaiunga ukumbini. Ilipendeza! Hata Bwana mwenyewe alipitisha kiganja juu yake, akatoka nje, na mpishi wake akatunong'oneza kwamba amekwenda kujipangusa macho. Ndipo Mzee akafanya kama afanyavyo kwa kila mlango na kila kitanda cha harusi akikabidhi. Alisoma Fatiha, akatoa mrashi wake wa shaba, akanyunyiza marashi juu ya meza kutoka kichwani hadi miguuni. Akida wa pale alikuwa amesimama dirishani, akaona.

Jumatatu asubuhi akida huyo alifika bandani na askari wawili. Hakuamkia mtu.

"Meza ya Bwana imeota madoa meusi," akasema. "Matone matone, kama mvua. Nani aliimwagia maji?"

Mzee alikuwa nyuma ya banda akipasua ubao. Mimi ndiye niliyekuwa mbele yao. Ndugu zangu, mtu mwingine angesema, "Ngojeni mwenyewe aje." Mimi niliogopa kwamba nikikosea hata jambo moja nitaonekana mwongo, kwa hiyo nikajibu kila kitu kwa usahihi, kama niko mbele ya mtihani.

"Hayakumwagwa, yalinyunyizwa," nikasema. "Aliyenyunyiza ni Mzee Selemani. Kwa mkono wa kulia. Alianzia kichwani mwa meza. Kabla ya hapo alisoma maneno."

"Maneno gani?"

"Ya Kiarabu."

"Na wewe unajua Kiarabu?"

"Hapana."

"Basi hujui aliyosema," akasema akida, akawageukia askari. "Mmesikia. Amenyunyiza maji, na ametamka maneno ambayo hata mtu wake hayajui."

Kila nililosema lilikuwa kweli! Na kila neno lilikuwa kamba shingoni mwa yule mzee. Alipotoka nyuma ya banda na msumeno mkononi, askari mmoja alimpiga kitako cha bunduki, msumeno ukaanguka. Wakamfunga mikono. Mzee alisema, "Yale ni marashi, Akida. Hata wewe ulipakwa siku ya harusi yako." Akida akajibu, "Marashi hayaachi madoa." Wakaondoka naye.

Walimfungia katika ghala la pamba kule shambani. Tulisikia kwamba siku ya Alhamisi kikosi cha wanajeshi kitapita njia ile na kuwachukua wote waliofungwa kwa habari ya maji. Waliochukuliwa na kikosi kama hicho kabla ya hapo hawakurudi.

Jumanne Bi. Mwanahawa alinipa mikate ya mchele na kopo la chai nimpelekee. Askari aliniruhusu kukaa nje ya mlango wa ghala, nipitishe chakula chini. Ndani mlikuwa na Mzee na watu wawili wa Kitomanga. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ile ile ya kila asubuhi. Alikula kidogo, akawagawia wenzake, kisha akaja karibu na upenyo wa mlango.

"Elia. Ijumaa ile, ulinoa wapi?"

Hapo nikajua yote kwa mara moja. Nikakumbuka unga wa chuma. Nikaelewa kwa nini kuna sharti la uani. Madoa yale yametoka kwangu! Chuma changu kilikuwa kimelala ndani ya ubao, na tone la marashi lilipokigusa, ubao ukawa mweusi.

Nikasema, "Uani, mzee."

Akapitisha kopo tupu kwenye upenyo. Kisha akasema, "Haya. Mwambie mama yako mikate imeiva vizuri."

Nilirudi Lindi kwa miguu, na sitawadanganya, sikulia. Nilifikiri. Nikisema, watanifunga mimi. Nikisema, hawataamini, watatufunga wote wawili. Mimi ni Mmwera. Watasema mwanafunzi ndiye aliyeyaleta maji kutoka bara, na mzee ndiye aliyeyanyunyiza. Nisiposema, labda Bwana Ndevu atamhurumia. Nisiposema, labda kikosi kitachelewa. Niliandaa sababu kwa kila upande, na kila sababu ilikuwa na majibu, na majibu yalikuwa na majibu yao. Ndipo nilipouona utumwa wangu, ndugu zangu. Nilikuwa nimeuita uangalifu, hata nikajisifu kwa ajili yake, kumbe ulikuwa hofu ya kujiokoa mimi peke yangu.

Jumatano asubuhi nilikwenda kuchukua chakula tena. Bi. Mwanahawa alikuwa amekaa uani na sufuria ya ndizi mbichi alizomenya kwa kisu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi na chuma cha kisu. Akachuma bilimbi moja chachu mtini juu ya kichwa chake, akaipasua kwa kucha, akajisugua nayo. Weusi ukaondoka kama haujawahi kuwapo.

Nikauliza, "Mama, bilimbi inatoa weusi huo?"

"Wewe ulilelewa na nani?" akasema. "Weusi wa chuma hauogopi sabuni. Unaogopa bilimbi."

Nikasimama pale. Dawa ya kumwokoa Mzee ilikuwa inaning'inia kwenye mti wa uani! Na papo hapo mawazo yangu yakaanza kazi yao: naweza kwenda kusugua kimya kimya, niseme ni ufundi wa shule, nisitaje tupa. Lakini madoa yangetoka, na shtaka la maji lingebaki. Ili Mzee atoke, ilibidi mtu aseme chuma kilitoka wapi.

Nilisali pale pale kwa macho wazi. Sala yangu haikuwa na mwanzo mzuri wala mwisho. Nilisema tu moyoni, "Bwana Yesu, mimi siwezi. Nisaidie." Sikuirudia! Mara ya kwanza maishani mwangu sikuirudia sala. Na mdomo wangu ukafunguka.

"Mama, madoa ya meza ni ya chuma changu. Nilinolea juu ya meza. Jana Mzee aliniuliza, nikamdanganya."

Nilingoja matusi. Nilingoja kofi. Bi. Mwanahawa alitokwa na machozi, akayafuta kwa upindo wa kanga. Kisha akanyanyuka.

"Chukua kapu," akasema. "Angua zote. Hata zile changa."

Tulikwenda pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na kapu kichwani. Njiani nilijaribu kupanga hotuba, akanisikia nikinong'ona, akasema bila kugeuka, "Nyamaza, Elia. Utaichosha kabla haijafika."

Akida alitukuta barazani kwa Bwana Ndevu. Alitazama kapu, akacheka. "Ee, fundi wa meza! Mzee wako amefungwa, na wewe umefungua duka la achari?" Bi. Mwanahawa akamwambia, "Tuna neno na Bwana." Bwana Ndevu akasikia, akatoka na miwani mkononi.

"Nini? Sema upesi."

Hotuba yote ikapotea. Namshukuru Mungu ilipotea! Nikasema, "Bwana Mkubwa, madoa ni kosa langu. Nilinoa chuma juu ya ubao. Mzee hana hatia, alinyunyiza marashi tu. Naweza kukuonyesha."

Akatuingiza ukumbini. Meza ilikuwa pale, na madoa yake meusi yametapakaa, na kweli yalitisha. Niliingia chini ya meza, mahali ambapo hapakuguswa na mtu, nikaomba tupa na kisu. Nikanoa kidogo, nikasugua unga wake ubaoni kwa kidole. Nikaomba maji kutoka mtungi wa Bwana mwenyewe, ayamwage yeye. Akadondosha matone mawili. Tukangoja. Sikumbuki kungoja kurefu kama kule. Ubao ukawa wa kijivu, kisha wa buluu, kisha mweusi ti!

Akida akarudi nyuma. "Dawa! Bwana, ameifanya mbele ya macho yako!"

Bi. Mwanahawa akapasua bilimbi, akanipa. Nikasugua. Weusi ukayeyuka, rangi ya asali ikarudi.

"Na hiyo pia dawa," akasema akida, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Bwana Ndevu alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akachukua tupa, akanoa mwenyewe, akamwaga maji mwenyewe, akatazama doa likija. Kisha akasugua bilimbi mwenyewe.

"Sasa mimi pia mganga?" akamwuliza akida. Akida akasogea mlangoni. Bwana akabaki ameshika ile bilimbi. "Kwa baba yangu, lango la mwaloni," akasema taratibu. "Iko misumari. Kila mvua, msumari nalia machozi meusi. Mimi mtoto, nimeona. Nimesahau." Akasimama. "Fungua ghala. Mzee atoke."

Haleluya, ndugu zangu! Mzee Selemani alitoka akifumba macho kwa jua, nywele zimejaa pamba, na Bi. Mwanahawa akamwambia, "Umezeeka siku tatu hizi," naye akamjibu, "Wewe umependeza, umevaa kanga ya wageni." Nikaanguka miguuni pake.

Sikuachwa bila adhabu. Bwana aliamuru nipigwe viboko kwa kuficha, na idadi yake sitaitaja, maana sikuja hapa kuonyesha mgongo. Baada ya viboko nilisugua meza yote, doa baada ya doa, mpaka mikono ikawasha kwa uchachu. Nilisugua nikiimba. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile.

Lakini lazima niseme na hili. Wale watu wawili wa Kitomanga hawakutolewa. Sikuwa na neno la kuwaokoa, sikujua hata kosa lao. Alhamisi kikosi kilipita, kikawachukua. Mzee alinitajia majina yao, nami nayataja mbele za Mungu kila siku. Sielewi kwa nini mlango ule ulifunguliwa kwa mmoja tu. Zamani swali hilo lingenila nisilale. Sasa nalileta kwake na kulia, na kulala.

Tulipokuwa tukirudi Lindi, Mzee alitembea kando yangu. Akauliza tena, "Elia, ulinoa wapi?"

"Juu ya meza, mzee."

"Najua. Niliporudi msikitini banda lilinuka tupa."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia, wangekuja kukuchukua, na mimi wasingeniachia. Wangepata wawili." Akatembea hatua kadhaa. "Nilipokuuliza mlangoni nilitaka tu kujua kama naacha banda kwa mtu au kwa cheti."

Nikasema, "Nisamehe, mzee." Akaniwekea mkono begani, akautoa upesi nilipopiga kelele, maana alisahau mgongo wangu. Bi. Mwanahawa akacheka kwanza, kisha sote tukacheka barabarani kama wendawazimu.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa Mzee Selemani aliyenifunika nilipokuwa sistahili. Namshukuru kwa Bi. Mwanahawa ambaye hakunihukumu. Namshukuru Bwana Yesu aliyenifungua kifungo nilichokifunga mwenyewe. Wasiwasi bado hunijia. Leo asubuhi umenijia kwa sababu yenu! Lakini haunitawali tena, maana najua pa kuupeleka.

Na wewe unayenisikia, labda liko jambo ambalo wewe tu ndiye unayelijua, na mwenzako analipia. Umelipima, umelipanga, unangoja upate maneno mazuri. Usingoje. Mwambie Mungu kwamba huwezi, kisha nenda ukaseme, hata kama sauti itatetemeka. Yangu ilitetemeka, na mlango wa ghala ulifunguka.

Nimemaliza. Naketi sasa, ili mwenye neno lake apate nafasi ya kusimama.